Jovitha, fundi bomba wa Gerezani asiyefunga adapta asiyoichagua

Saa mbili asubuhi, Gerezani. Basi la mwendokasi linapita, mikokoteni inagombea njia na bodaboda, na ndani ya duka moja la vifaa vya maji Jovitha Tarsis amesimama kwenye kaunta akiwa amefumba macho. Hasinzii. Kidole chake kidogo kimezama ndani ya adapta ya shaba na kinazunguka polepole, kama cha mtu anayetafuta pete iliyodumbukia kwenye mtungi.

"Mama Allen, unanunua au unachumbia?" anauliza Shahd, muuzaji, aliyeegemea kaunta na kikombe chake cha chai ya tangawizi.

"Mume nilimchagua haraka haraka, na yaliyonikuta umeyaona," anajibu Jovitha bila kufumbua macho. "Hiki nakichagua taratibu."

Wateja wanacheka. Jovitha anafumbua macho, anatikisa kichwa, na adapta inakwenda upande wa kushoto, kwenye fungu la zilizokataliwa. Anachukua nyingine.

Kifaa chenyewe hakina makuu. Ni kipande cha shaba kinachojaa kiganjani, chenye ncha mbili. Ncha moja ni laini na ndani yake kuna mpira mweusi wa duara. Humo ndimo linamoingia bomba la shaba, kisha mashine inabana kwa nje hadi vyote vinakuwa kitu kimoja. Ncha ya pili ina nyuzi, ile mistari ya kuzungushia, na hiyo ndiyo inayofungwa kwenye valvu, hita, pampu au mita. Pasipo kipande hicho, bomba na hita ni majirani wasioongea.

"Watu wanadhani maji yanavuja kwenye bomba," anasema. "Bomba halina shida. Shida iko pale vitu viwili vinapokutana. Hata kwa binadamu ni hivyo hivyo."

Jovitha ana miaka arobaini na mmoja. Wazazi wake walitoka Rombo wakafungua duka la jumla la sahani na masufuria Kariakoo, naye akazaliwa na kukulia katikati ya maboksi. "Mimi ni Mchaga wa Kariakoo," anasema. "Mlima Kilimanjaro naujua kwenye kalenda."

Duka la wazazi lilipofungwa, aliajiriwa kuuza vifaa vya bomba hapo hapo Gerezani kwa shilingi elfu nane kwa siku. Kila siku mafundi walirudisha vitu walivyonunua jana yake: hiki dume, nilitaka jike, hiki kikubwa, hiki kinavuja. Alichoka kuwasikiliza. Akaenda chuo cha ufundi jioni, akajifunza bomba, akavuka kaunta kutoka upande wa muuzaji kwenda upande wa fundi.

"Siku ya kwanza nafika kwa mteja, ananiuliza fundi yuko wapi," anakumbuka. "Nikamwambia anakuja. Nikatoka nje, nikavaa ovaroli, nikarudi. Nikamwambia, huyu hapa amefika."

Ndani ya kazi hiyo kuna desturi moja ambayo kila mtu mjini anaijua na hakuna anayeisema kwa sauti: cha juu. Fundi akimpeleka mteja dukani, muuzaji huongeza bei kidogo na nyongeza humrudia fundi mlango wa nyuma. Wateja wameshituka. Sasa wengi hununua vifaa wenyewe, wanamkabidhi fundi mfuko na kumwambia funga.

Jovitha alikuwa akifunga alichopewa, hadi alipopata kazi ya saluni moja karibu na Mnazi Mmoja. Mwenye saluni, Sitara, alinunua adapta mwenyewe. Kwa nje ziling'aa. Mpira wa ndani ulikuwa wa kubahatisha, na miezi michache ya maji ya moto ikaukausha ukapasuka. Dari likashuka juu ya viti, wateja wawili wakiwa na dawa kichwani.

"Nilimsema mtaa mzima," anasema Sitara, ambaye leo ni rafiki yake. "Nilisema, ndiyo haya ya kumpa kazi fundi mwanamke. Adapta nilinunua mimi, lakini nani atajisema mwenyewe?"

Jina lilichafuka na kazi zikakauka. Jovitha alirudi kwenye kaunta kuuza koki, na wale mafundi aliowacheka zamani wakapata zamu yao ya kumcheka. Aliporudi mtaani tena na kisanduku chake cha vifaa, alirudi na sharti moja, na analitamka kabla hata ya kutaja bei yake.

"Cha juu sili. Lakini kuchagua nachagua mimi."

Shahd anasema mwanzoni hakuamini. "Nilimpa chake pembeni kama kawaida. Akanirudishia, akasema mpunguzie mteja. Nikadhani anaumwa."

Sharti hilo limemnyima kazi nyingi. Siku yenye kazi hupata elfu hamsini, wakati mwingine sabini, lakini mashine ya kubana si yake. Anaikodi kwa fundi mwenzake elfu thelathini kwa siku, apate kazi nzuri asipate. Mwenye mashine akiihitaji mwenyewe, Jovitha anakaa nyumbani. Mashine mpya ni zaidi ya milioni tatu.

Ndiyo maana kazi ya mzee Nasor ilikuwa kubwa kuliko kazi nyingine zote alizowahi kuitiwa.

Mzee Nasor ana jengo la ghorofa tatu mtaa wa pili kutoka dukani. Chini ni ghala la magodoro. Juu ni nyumba ya wageni, ambayo hujaa wafanyabiashara kutoka Lubumbashi, Moroni na mikoani, watu wanaoshinda Kariakoo kutwa nzima na wanaporudi wanataka kitu kimoja tu: maji ya moto. Mabomba ya zamani ya chuma yameoza. Mzee ameamua kuweka ya shaba, na kwa sababu ya magodoro hataki kuona moto wa kuchomelea ukiingia mlangoni kwake. Lazima mabomba yaunganishwe kwa mashine ya kubana.

Ghorofa zote tatu. Akiipata kazi ile na kuimaliza, Jovitha angeweza kulipia mashine yake mwenyewe na kuaga habari za kukodi. Akiikosa, hajui nyingine kama hiyo itatoka wapi.

Siku aliyoitwa, alimkuta mzee amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni pa ghala, na miguuni pake mfuko wa sandarusi umejaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Karibu. Mabomba yapo juu, vifaa hivi hapa. Nimekurahisishia kazi."

Jovitha alichuchumaa, akafungua mfuko. Adapta tupu, nzuri, nzito, zinang'aa. Mzee alikuwa amezipata kwa mtu aliyekuwa anafunga ghala lake, kwa bei ya kutupa. Jovitha akaingiza kidole: mpira mzuri kabisa. Akatoa mfukoni kipimo chake cha nyuzi, kitu kama chanuo la chuma, akakilaza juu ya nyuzi na kukiinua kwenye mwanga. Kati ya meno ya chanuo na nyuzi za adapta ulipenya mwanga mwembamba kama uzi wa buibui.

Nyuzi za bomba ni za aina mbili sokoni. Moja ni ya Ulaya, ndiyo iliyoenea nchini, ipo kwenye valvu na hita karibu zote. Nyingine ni ya Marekani, ndiyo iliyokuwa kwenye mfuko wa mzee. Kwa jicho ni mapacha, na kwa baadhi ya saizi hata idadi ya mistari ni ile ile. Kinachotofautiana ni mchongo wenyewe: mmoja umechongoka zaidi kuliko mwingine.

"Mzee, hizi sifungi," alisema.

"Kwa nini? Feki?"

"Si feki. Ni nzuri kuliko nyingi ninazonunua. Ila haziendani na hita zako."

Mzee Nasor hakubisha kwa maneno. Alichukua adapta moja na valvu moja ya hita, akaingiza, akazungusha kwa mkono. Ikaingia mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha ikagoma.

"Hii hapa. Imekaza."

"Imekwama, mzee. Haijakaza."

"Tofauti yake nini?"

"Ikikaza, imeshika kote. Ikikwama, imeshika sehemu moja na kwingine kuna nafasi ya maji kupita."

Kilichofuata hakikumfurahisha. Nyuma ya mzee, kivulini, alikuwa amekaa Ansbert, fundi wa makamo anayejulikana mtaa mzima kwa kutowahi kumkatalia mteja chochote. Alikuwa na begi lake la vifaa, tayari.

"Mimi nafunga, mzee," alisema Ansbert kwa upole. "Tepu nyeupe ya kutosha, hakuna maji yatakayopita. Mama Allen ni fundi mzuri, ila anapenda kuchagua kama anaenda harusini."

"Na wewe unapenda kufunga kama umefumaniwa," alijibu Jovitha. "Haraka haraka, halafu dirishani."

Hata mzee alicheka. Lakini alikuwa mfanyabiashara, na mfuko ulikuwa na pesa yake. Akatoa uamuzi wake: kwenye chumba cha ghorofa ya kwanza kulikuwa na hita mbili zilizokaa ubavu kwa ubavu. Jovitha afunge adapta ya kwenye mfuko wa mzee kwenye valvu ya hita moja, na ya kuchagua kwake kwenye nyingine. Isipovuja ya mzee, kazi ni ya Ansbert. Ikivuja, kazi ni yake.

Jovitha alikwenda kwa Shahd, akachagua moja, akarudi. Akaanza na ya mzee, akaizungushia tepu vizuri kuliko alivyowahi kuzungushia kitu maishani mwake.

"Sikutaka kuambiwa nimehujumu," anasema. "Nikasema, nitaifunga kama ni ya kwangu. Kama itanishinda, inishinde kwa haki."

Alifanya anavyofanya siku zote. Nyuzi kwanza, mashine baadaye, kwa sababu ukishabana halafu ukazungusha unausokota mpira ndani. Alikata bomba, akalainisha ncha, akaweka alama ya kalamu kuonyesha bomba linapaswa kuingia hadi wapi, akaliingiza hadi kwenye alama. Taya za mashine zikafumba. Kishindo kidogo, kama mtu anayevunja kokwa. Kisha hita ya pili.

Akaunganisha pampu ya mkono, akasukuma presha, mshale wa geji ukapanda ukasimama. Watu walikuwa wamejaa mlangoni: wapagazi wa magodoro, mgeni mmoja wa Moroni na taulo begani, mama lishe aliyesahau masufuria yake. Wote wakainama kutazama chini ya valvu.

Kavu. Zote mbili kavu kama jangwa.

Wapagazi walishangilia. Mmoja akaimba kidogo. Mgeni wa Moroni akauliza kama sasa anaweza kuoga.

"Dada yangu," alisema Ansbert akifungua zipu ya begi, "kushindwa si dhambi."

Jovitha alijipangusa jasho kwa mkono wa ovaroli. Aliona ile saluni, lile dari, ile kaunta ya kuuza koki. Kisha akainama tena, akagusa hita, ikiwa bado ya baridi.

"Washa," alisema.

"Nini tena?" aliuliza mzee Nasor.

"Umenunua hita ya kuchemsha maji au ya kuyatunza? Washa, mzee. Shaba ikipata moto inatanuka, ikipoa inarudi. Hapo ndipo nitajua kama zimeshikana au zinadanganyana."

Mzee akawasha. Taa nyekundu ya hita ikawaka, ikakaa kidogo, ikazimika. Na feni ya chini ikazimika. Na redio ya mama lishe ikanyamaza. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima.

Kicheko kilichotoka hapo, anasema Jovitha, kilisikika hadi Posta. Hata yeye alicheka. Kisha akageuza ndoo, akaikalia, akakunja mikono.

"Siondoki," alisema.

"Umeme unaweza usirudi hadi jioni," alisema mzee.

"Nitakuwepo jioni."

"Na mashine unalipia kwa siku," alikumbusha Ansbert.

"Ndiyo maana siondoki."

Watu wakatawanyika mmoja mmoja. Mama lishe alirudi na sahani ya wali maharage, akamwekea pembeni. Ansbert naye hakuondoka. Alikaa kwenye ngazi, kisha akaomba aonyeshwe lile chanuo la chuma. Alilitazama kwenye mwanga wa dirishani, akaligeuza, akaligeuza tena.

"Hii kitu inauzwa wapi?"

"Ipo. Ukiacha kunitania nitakuonyesha."

Umeme ulirudi mchana, adhana ya adhuhuri ilipokuwa inaisha. Mzee Nasor alikuwa ameshashuka kwenda msikitini. Jovitha akawasha hita zote mbili, maji yakachemka, akayafungulia yapite kwenye valvu hadi shaba ikawa haigusiki, akafunga, akaacha ipoe. Akarudia. Ansbert alishika koki, yeye akashika tochi. Hakuna aliyemtania mwenzake.

Mzee alipopanda tena ilikuwa inakaribia alasiri; alikuwa ametoka kutia udhu, na mikono ya kanzu ilikuwa bado imekunjwa hadi kwenye viwiko. Aliingia akainama bila kuuliza, akapitisha kidole chini ya adapta iliyotoka kwenye mfuko wake. Kikatoka na maji. Akakitazama.

"Udhu huu," alisema. "Sijakauka vizuri."

Akajifuta kidole kwenye kanzu, akakikausha sawasawa, upande huu na upande ule. Akapitisha tena.

Kikatoka na maji.

Akapitisha kidole kile kile chini ya adapta ya pili. Kikavu. Akarudi kwenye ya kwanza, akaitazama safari hii kwa macho. Tone moja lilikuwa linajikusanya kwenye ukingo wa nyuzi, bila haraka yoyote, likanenepa, likadondoka sakafuni. Chini ya sakafu ile kulikuwa na magodoro yake yote.

"Hapa ni tone," alisema Jovitha taratibu. "Ndani ya ukuta lingekuwa tone kila siku, na usingejua hadi magodoro yaote uyoga."

Mzee Nasor alikunjua mikono ya kanzu, mmoja baada ya mwingine. Jovitha akaanza kukusanya vifaa vyake. Anasema kuna wakati wa kumtania mtu na kuna wakati wa kumpisha ajiinukie mwenyewe.

"Yule aliyeniuzia," alisema mzee hatimaye, "aliniambia mali ikitoka hairudi."

"Isirudi. Mpira wake ni mzuri, shaba yake ni nzuri. Kuna mafundi wa mitambo ya meli na mashine za Kimarekani wanazihangaikia. Nitamwambia Shahd akuwekee kwenye kaunta yake, zitauzika pole pole."

"Na cha juu chako?"

"Mzee, cha juu sili."

"Wewe binti una matatizo," alisema mzee Nasor, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu. "Anza kesho. Chagua wewe."

Ansbert alikuwa anafunga zipu ya begi lake polepole. Jovitha alimsubiri afike mlangoni.

"Unaenda wapi? Ghorofa tatu nitazipanda peke yangu na miguu hii?"

"Unanipa kazi, Mama Allen? Baada ya kukuambia kushindwa si dhambi?"

"Si ulisema si dhambi? Basi njoo. Kuchagua kwangu, kubana kwako. Na tepu yako usije nayo, unaimaliza kama bandeji."

Hadi makala haya yanaandikwa, ghorofa ya kwanza imekamilika na ya pili imeanza. Mgeni wa Moroni ameshaoga, na inasemekana ameoga mara mbili. Jovitha amelipa malipo ya kwanza ya mashine yake, na muuzaji amekubali kumalizana naye kazi ya mzee Nasor ikiisha.

Ana mpango mwingine. Anataka kuweka meza ndogo kwenye baraza la duka, juu yake chanuo lile la chuma, tochi, na valvu moja ya mfano. Mtu yeyote aliyenunua adapta, popote alikoinunua, apite hapo aipime bure kabla haijaingia ukutani.

"Bure kabisa?" anashangaa Shahd.

"Bure. Wakishajua walichokosea, watahitaji fundi. Mimi si nitakuwa nimekaa hapo hapo?"

Asubuhi hii ovaroli lake limefuliwa na mashine imelala begini, ikimsubiri Ansbert aje aibebe. Shahd anashusha boksi jipya kutoka rafu ya juu na kulimimina kwenye kaunta, adapta zinabingirika kila upande.

"Haya, mchumbiaji. Leo unachumbia ngapi?"

Jovitha anakunja mikono ya ovaroli, anachukua ya kwanza, anafumba macho.

"Leo nachumbia ukoo mzima," anasema. "Niletee kiti."